Kadari na Kivuko cha Waenda kwa Miguu

Mtu akigongwa na gari akafa, akaoshwa, akasaliwa na kuzikwa, watu waliokaa barazani penye matanga huambiana maneno mawili: kwamba hiyo ndiyo siku yake iliyoandikwa, na kwamba ajali haina kinga. Maneno haya yana faraja kubwa kwa wafiwa, nami simo katika wale watakao kumnyang'anya mfiwa faraja yake, kwani mja aliyeondokewa na mwanawe hana pa kuegemea ila kwa Mola wake. Walakini neno moja hubadilika kwa kubadilika msemaji. Likisemwa na mama wa marehemu ni subira, na subira ni ibada. Likisemwa na dereva aliyemgonga, au na mhandisi aliyeichora njia, au na diwani aliyeombwa miaka nenda miaka rudi aweke kivuko asiweke, neno lile lile hugeuka kuwa hila ya kuikimbia dhima, na lawama iliyomstahili mwanadamu ikapelekwa mbinguni. Swali nitakalo kulitafakari ni hilo: damu imwagikayo katika kivuko cha mzunguko wa barabara, pale ambapo kila mtu ajua kwamba watu huvuka kwa miguu na kwa baiskeli, je, ni ya kadari tu, au ina watu wa kuulizwa?

Nimeuchagua mzunguko, ambao wengi katika Tanzania huuita kipilefti, kwa kuwa hapo ndipo tabia ya mtu hupimwa bila ya msimamizi. Penye taa, taa ndiyo hakimu, na dereva asimamaye mbele ya taa nyekundu huenda anaogopa faini. Penye askari wa trafiki, mkono wa askari ndio sheria. Katika mzunguko mtupu hamna hakimu wala askari, ila kanuni moja iliyoachiwa insafu ya kila mmoja, nayo ni kwamba aingiaye ampishe yule aliyekwisha kuwamo. Kanuni hiyo haikuzaliwa pamoja na mzunguko wenyewe. Eugène Hénard, msanifu wa mji wa Paris, alitoa rai mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba magari yazungushwe upande mmoja katika njia panda, na miji mingi ikafuata. Lakini kwa miongo kadhaa kila aingiaye alijihesabu kuwa ana haki, na mizunguko ikawa hujifunga kwa magari yasiyoweza kutoka wala kuingia, mpaka Uingereza ilipoamuru katika mwaka 1966 kwamba aingiaye apishe, ndipo fundo likafunguka. Chuma kilikuwa kile kile na njia zilikuwa zile zile. Kilichoongezeka ni adabu ya kumtanguliza mwenzio.

Wala siulaumu mzunguko. Wajuzi wa barabara huhesabu katika njia panda ya kawaida ya pande nne mahali 32 ambapo gari moja laweza kukutana na jingine kwa shari, na katika mzunguko wa safu moja huhesabu mahali 8 tu. Na kwa kuwa duara humlazimisha dereva kupunguza mwendo na kupinda, hata magari yakigusana aghlabu hugusana ubavu, wala hayapambani uso kwa uso. Mzunguko uliojengwa kwa maarifa ni rehema. Lakini hesabu hiyo ni ya magari kwa magari, na rehema ambayo mwenye gari ameipata haimfikii mwenye miguu kwa nafsi yake. Yataka ipelekwe kwake kwa makusudi.

Fikiri juu ya mzunguko wa Michenzani mjini Unguja, zinapokutana barabara mbili kuu baina ya yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Hapo hupita daladala na vespa, magari ya mizigo na teksi, wazee juu ya baiskeli zao, wachuuzi wanaokwenda Darajani na wanaorudi, na watoto wa skuli walioshikana mikono. Dereva anayeukaribia mzunguko huo, au wowote ule katika nchi zetu ambamo magari hupita kushoto, hugeuza uso wake upande wa kulia, kwa kuwa magari yaliyomo katika duara hutokea kulia. Macho yake yote yako huko. Anatafuta mwanya, na auonapo mwanya mdogo hukanyaga mafuta kabla haujazibika. Na mtoto aliyetoka kwenye ukingo wa kushoto, akaliweka guu lake juu ya mistari myeupe ya kivuko, yuko upande ambao uso wa dereva umeupa kisogo.

Hapa ndipo nilipo na neno langu. Kwa nini dereva hutazama kulia? Kwa sababu kulia ndiko itokako hatari yake yeye. Lori laja kutoka kulia, na lori laweza kumvunja. Kwa hiyo analiona, analipima, analipisha kwa heshima. Mtoto aliye kushoto hawezi kumvunja. Dereva yule hana chuki naye, hakukusudia kumdhuru, labda ana watoto wa umri ule ule nyumbani kwake. Hakumwona kwa kuwa hakuwa na sababu ya kumwogopa. Jicho la mwanadamu lisipofunzwa humtafuta awezaye kumdhuru, likampita yule ambaye yeye mwenyewe aweza kumdhuru, na huo ndio mwanzo wa dhulma nyingi zisizo na kusudi ndani yake, si barabarani tu. Wenye nguvu hupishana wao kwa wao na kuiita hali hiyo utaratibu. Heshima tuliyompa mwenye lori inaweza kuwa ni woga mtupu. Heshima inayomfikia mtoto wa miguu ndiyo peke yake tunayoweza kuwa na yakini kwamba imetoka moyoni.

Dini ililijua jambo hili kabla ya gari. Katika adabu za salamu zilizopokewa kutoka kwa Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, katika Hadithi aliyoipokea Abu Huraira, imeamriwa kwamba aliyepanda mnyama amsalimu aendaye kwa miguu, na aendaye amsalimu aliyekaa, na wachache wawasalimu wengi. Kwa kawaida ya dunia tungetazamia kinyume chake, kwamba aliye chini aanze kumwamkia aliye juu, kama mtumwa anavyomwamkia bwana wake. Wanavyuoni wameeleza kwamba aliyepanda ameamrishwa kuanza ili ghururi ya kipando isimwingie, apate kurejea katika unyenyekevu. Nami naona ndani ya amri hiyo faida nyingine: huwezi kumsalimu mtu usiyemwona. Yule atakiwaye kuanza salamu hutakiwa kwanza kutazama chini, kumtafuta mtu kwa macho, na kumkiri kwamba yupo. Aliye juu ya ngamia alifunzwa kuwa mzigo wa kuona ni wake, na aliye nyuma ya usukani hakupewa ruhusa ya kuutua.

Yako na mafunzo mengine mawili ambayo kila aliyepita chuoni huyajua, ijapokuwa tunapoyataja huwa tunafikiri juu ya vichochoro vya kale. La kwanza ni kwamba imani ina matawi sabini na zaidi, la juu kabisa ni kumpwekesha Mungu, na la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. La pili ni kwamba waliozoea kubarizi kando ya njia waliambiwa waipe njia haki yake, na katika haki hizo mojawapo ni kuzuia madhara. Udhia wa njia za kale ulikuwa mwiba, jiwe, au mzoga. Udhia wa njia zetu ni mwendo. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, kasi ambayo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeiweka kuwa mwisho ndani ya makazi ya Tanzania Bara, hukata karibu mita 14 katika sekunde moja, yaani kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki. Liendalo kilomita 30 hukata mita 8 na kidogo. Na nguvu ya pigo haifuati mwendo kwa usawa, bali hukua kwa mraba wake, hata pigo la gari la kilomita 50 likakaribia kuwa mara tatu ya pigo la gari la kilomita 30. Baina ya mwendo huu na ule kuna tofauti ya mtu aliyevunjika mguu na mtu aliyefunikwa sanda. Anayeupunguza mwendo wake mbele ya kivuko ameondoa udhia njiani kwa maana iliyo kamili kuliko yule aliyeokota mwiba, na sioni kwa nini asihesabiwe kuwa ameshika tawi la imani.

Sasa nirudi kwenye kadari, kwani najua kwamba msomaji mcha Mungu atauliza: ikiwa ajali ya mtu haitangulii wala haichelewi, kivuko kitamfaa nini? Jibu la swali hili lilitolewa zamani, na mtu ambaye hakuna awezaye kuitilia shaka imani yake. Umar bin al-Khattab, katika zama za ukhalifa wake, alisafiri kwenda Shamu, na alipofika mahali paitwapo Sargh akapata habari kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Akawashauri masahaba, wakahitilafiana, kisha akaazimu kurudi na watu wake. Abu Ubaida bin al-Jarrah akamwuliza, je, waikimbia kadari ya Mungu? Umar akajibu kwamba naam, waikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mwenye ngamia ashukaye bondeni akakuta ng'ambo moja ina malisho na ng'ambo ya pili ni kavu, ambaye akilisha hapa atakuwa amelisha kwa kadari na akilisha kule pia ni kwa kadari. Mwenye kuchora kivuko, basi, hashindani na maandiko ya Mwenyezi Mungu. Rangi, saruji, tuta na akili ya kuvipanga vyote ni katika kadari, na asiyevitumia amechagua ng'ambo kavu huku nyasi ziko mbele ya macho yake.

Iko hoja iliyo nzito zaidi, nami nashangaa kwamba haitajwi penye matanga. Katika Surat an-Nisaa, Mungu ameweka hukumu ya mtu aliyemwua Muumini kwa kukosea, asiyekusudia hata chembe: juu yake iko diya kwa jamaa za marehemu, wasiposamehe, na juu yake tena iko kafara ya kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Yule yule aliyeiandika siku ya kufa ndiye aliyeiweka dhima hii. Lau kadari ingekuwa udhuru, mwuaji wa kukosea angekuwa wa kwanza kusamehewa, kwa kuwa mkononi mwake mna ajali na moyoni mwake hamna uovu. Walakini sharia haikumwambia kwamba hana kosa aende zake, ilimpa miezi miwili ya njaa na kiu ayakumbuke maisha aliyoyatoa. Miezi miwili hiyo haimrudishi maiti. Humzuia aliye hai asiusahau uzito wa roho.

Torati nayo imepita njia hiyo hiyo, na Wakristo wa nchi zetu wanayo katika vitabu vyao. Ng'ombe akiwa na desturi ya kupiga pembe, na mwenyewe akaonywa asimfunge, akimwua mtu, mwenye ng'ombe huulizwa damu ile. Na kila ajengaye nyumba mpya ameamriwa kuweka ukuta mfupi kuzunguka dari, isije damu ikawa juu ya nyumba yake iwapo mtu ataanguka. Tazama ulivyo upana wa hukumu hii ya pili. Haikumwambia anayetembea darini awe mwangalifu, ijapokuwa bila shaka alipasa kuwa mwangalifu. Ilimwendea mjenzi, kabla mtu hajaanguka, kabla mtu hajapanda hata ngazi.

Ukuta wa darini katika mzunguko unajulikana ulivyo, wala si siri ya mataifa tajiri. Kivuko kisiwekwe juu ya mdomo wa duara, bali kirudishwe nyuma kiasi cha urefu wa gari moja, ili dereva apewe kazi moja baada ya moja: kwanza ampishe mtu, kisha asogee atafute mwanya wa magari. Kati ya magari yaingiayo na yatokayo kiwekwe kisiwa kilichoinuka, mtu apate kuvuka nusu ya njia, asimame salama, kisha amalizie nusu ya pili akitazama upande mmoja tu. Maingilio yawe membamba na yenye kupinda, kwa maana maingilio mapana yaliyonyooka humwalika dereva apite kama aliyerushwa. Na kivuko chenyewe kiinuliwe kwa tuta bapa, gari lipande kwa mtu badala ya mtu kushuka kwa gari. Hatari kubwa kuliko zote ni mzunguko wa safu mbili: dereva mmoja mwema akasimama, mwenda kwa miguu akashukuru na kuanza kuvuka, na dereva wa safu ya pili, ambaye jirani yake amemzibia macho, akampata katikati. Katika ajali ya namna hiyo wema wa mmoja umekuwa mtego, na mwenye dhambi ni yule aliyechora safu mbili mahali pa watu bila ya kuweka kitu cha kuzisimamisha zote.

Mpanda baiskeli ana msiba wake. Akijibana ukingoni mwa duara, dereva atokaye humkata mbele kwa kupinda kushoto bila ya kugeuza shingo. Akishika katikati ya njia ili aonekane, hupigiwa honi na kutukanwa kana kwamba ameiba kitu. Waholanzi huizungushia baiskeli njia yake yenyewe nje ya duara la magari, na ndani ya miji yao aghlabu mpanda baiskeli ndiye mwenye haki ya kutangulia, gari likingoja. Kwetu mpanda baiskeli ni muuza samaki, fundi, au mzee aendaye sala ya alfajiri, na njia yake bado ni mchanga wa kando.

Na kuna mtu mmoja ambaye napenda msomaji asimame naye kidogo, naye ni kipofu. Penye taa, kipofu huyasikia magari yakinyamaza, na kimya kile ndicho kibali chake cha kuvuka. Katika mzunguko wenye shughuli hakuna kimya; ngurumo huzunguka bila ya mwanzo wala mwisho, gari litokalo na gari liendelealo hutoa sauti moja, na sikio ambalo limekuwa jicho lake halina la kumwambia. Hawezi hata kumtazama dereva usoni, jambo ambalo sisi wenye macho tumeliona kuwa ndio mkataba wa kuvuka. Mji usiomwekea mtu huyu taa ya kubonyeza yenye mlio, au tuta la kuyalazimisha magari kutambaa, umemhukumu akae nyumbani au angoje mkono wa mpita njia. Imepokewa kwamba Umar alihofu kuulizwa na Mola wake juu ya nyumbu atakayejikwaa katika nchi ya Iraki, kwa nini hakumsawazishia njia. Halmashauri zetu zitaulizwa juu ya watu, si juu ya nyumbu.

Nayajua yasemwayo kwa upande wa pili. Husemwa kwamba waenda kwa miguu nao wana taksiri: huvuka popote, huvuka huku wakitazama simu, na baiskeli nyingi hazina taa usiku. Ni kweli, na mtu amekatazwa kujitupa kwa mikono yake katika maangamizi. Lakini dhima hupimwa kwa uwezo. Mtoto wa miaka saba hana akili ya kukadiria mwendo wa gari. Mzee hana wepesi wa kukimbia. Mama mwenye mzigo kichwani na mwana mgongoni hawezi kugeuza shingo mara tatu. Kosa la mwenye miguu hudhuru nafsi yake, na kosa la mwenye gari hudhuru nafsi ya mwingine, na hakuna mizani ya haki, ya dini wala ya falsafa, iliyoyaweka makosa hayo katika kitanga kimoja. Bunge la Uswidi liliazimia katika mwaka 1997 kwamba nchi ile ilenge kufika pasipo na mtu wa kufa wala wa kujeruhiwa vibaya barabarani, na kwamba wanaozijenga njia washiriki dhima pamoja na wanaozipita, kwa kuwa kukosea ni maumbile ya mwanadamu na kosa dogo halistahili adhabu ya mauti. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 barabara za dunia ziliua watu 1,190,000, na katika kila mia ya hao 23 walikuwa ni waenda kwa miguu na 6 wapanda baiskeli. Nani atasema kwamba wote hao walikosa?

Kwa hiyo nawaomba maimamu na mapadre wayaseme haya juu ya mimbari, siku ambayo hakuna jeneza mbele yao, ili yasidhaniwe kuwa ni lawama kwa mtu mmoja. Nawaomba madiwani waende kwa miguu mpaka kwenye mzunguko ulio karibu na skuli ya kata yao, saa ya watoto kutoka, wavuke pande zote nne, kisha ndipo waketi kugawa fedha za barabara. Nawe msomaji, kama u mwenye usukani, ufikapo kwenye mzunguko punguza mwendo mapema, tazama kivuko kabla ya kutazama magari, na utakapokuwa unatoka katika duara kumbuka kwamba mbele yako kiko kivuko cha pili, na ubavuni mwako huenda iko baiskeli. Ukimwona mtu amesimama ukingoni, simama kabisa, ngoja mpaka afike ng'ambo, na uanze wewe kumsalimu.